Kinywa cha Sajini

Mashine hii ilikuwa ya meno.
Miaka ishirini na sita nimeishika, kliniki, kule Mvumi,
nikiwachimba watu waliokulia maji ya chumvi,
meno yao ya kahawia kama chai iliyokolea,
nao wakining'ang'ania mkono, wakisema kwa macho: basi, daktari.
Nami si daktari. Fundi tu wa kuziba matundu.

Ilipokuja mpya, hii niliuziwa kwa bei ya kuku wawili,
na pedali yake, na kopo la ncha,
nyingine za chuma, nyingine za chembe za almasi,
ndogo kama mbegu za mlenda.

Leo naichimbia mti.
Kinu cha marehemu mama Sechelela,
mninga, kimepasuka toka mdomo hadi kitako
mwaka ule uwele ulipokataa.
Mwingine angekipikia. Mimi nimekilaza mapajani,
nikakanyaga pedali: nziiiii,
na majirani huko uani wakashika mashavu.

Kwanza ncha nene, ya mviringo. Usisukume.
Ukisukuma mti unaungua,
unanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.
Jino nalo ni hivyo hivyo: gusa uondoke, gusa uondoke.
Fuata nyuzi za mti; ukizikata kinyume
ncha inaruka kama panzi, inatafuta kidole.
Vumbi linashuka kwenye suruali,
na kinu, kilichonyamaza miaka minne,
kinatoa unga wake wa mwisho.

Huyu ni Sajini.
Tulimwita hivyo kwa ule mstari mweusi begani, kama cheo.
Madumu manne, kisimani na kurudi,
tangu Sechelela anatambaa hadi anaandika insha.
Husemwa asante ya punda ni mateke.
Sajini hakunipiga hata moja.
Sisi ndio tuliopiga.

Bomba lilifika. Wiki ya pili akaja mtu wa ngozi,
na pikipiki, na daftari, na kalamu sikioni.
Ada ya shule ilikuwa haijalipwa.
Hapo sitaongeza neno.

Masikio nimeyapata. Moja limepungua:
umeme ulikatika, ukarudi ghafla
mguu wangu ungali kwenye pedali.
Liwe hivyo.
Manyoya ya shingo nimeyachora kwa ile ncha nyembamba
ya mizizi ya magego, unywele mmoja mmoja.
Na mstari wa begani, pale nilisukuma makusudi.
Nilitaka mti uungue.

Sasa kinywa.
Nimebadilisha ncha, nimefuta miwani.
Hapa hakuna wa kunifunza, nimejiambia.
Meno ya mbele, pengo, magego, ufizi.
Mguu uko juu ya pedali.
Mguu haukanyagi.

Vinywa elfu ngapi nimevifungua kwa vidole hivi,
vya watoto wanaouma, vya wazee wa gego moja,
hata cha mchungaji, kikinuka kitunguu.
Na huyu, miaka kumi na mitatu
nilimfunga, nikamtwika, nikamtua,
sijui meno yake yalivyokaa.
Aliyemfunua mdomo ni yule mtu wa ngozi.
Aliuinua mdomo wa juu kwa kidole gumba,
akahesabu umri, akaandika daftarini,
na Sajini akasimama tuli
kama mgonjwa aliyeambiwa haitauma.

Sechelela amepiga simu kutoka chuoni.
"Baba, umemaliza?"
Bado kinywa.
Amekaa kimya, nikasikia wenzake wakicheka nyuma yake.
"Si afumbe tu?"

Nimechomoa waya ukutani.
Nimempuliza vumbi puani.
Unga uliobaki mapajani nimeukung'utia uani;
kuku wamekuja mbio, wakadonoa mara mbili tatu,
wakaniangalia,
wakaenda zao.